Trekta Jekundu la South Bend

Hapa Indiana majani ya uani ni jambo la sheria. Miji mingi ina kanuni inayotaja urefu ambao majani hayaruhusiwi kuupita. Ukizembea unaletewa barua. Ukizembea zaidi, mji unatuma watu wake wayakate, kisha bili inakufuata nyumbani. Nilipohamia pembezoni mwa South Bend na kununua nyumba yenye uwanja wa ekari moja na kitu, ilikuwa Februari, theluji imefunika kila mahali, nami nikajiona nimeokota kiwanja kikubwa kwa bei ya kutupa. Mei ilipofika nikaelewa kwa nini muuzaji alikuwa mchangamfu vile. Mvua za majira ya kuchipua zikikutana na jua, ukikata Jumamosi, Alhamisi ukoka umeshafika tena kwenye vifundo vya miguu.

Si kwamba kazi yenyewe ilikuwa ngeni kwangu. Nilisoma shule ya msingi Korogwe, ambako shule zikifunguliwa kila mtoto alifika na fyekeo au jembe, na aliyechelewa namba alipimiwa kipande chake cha kufyeka kwa hatua za mwalimu wa zamu. Sijui ilikuwaje, lakini walimu wa zamu wote walikuwa na miguu mirefu. Hata hivyo, fyekeo haliwezi ekari nzima kila wiki, hasa kwa mtu anayefanya zamu katika kiwanda cha nyumba za magurudumu kule Elkhart na kurudi nyumbani mgongo ukiwa umeshakata tamaa. Nikafanya walivyofanya majirani. Nikaenda duka kubwa, nikanunua trekta dogo la kukatia majani, jipya, linang'aa, lenye hadi mahali pa kuwekea kikombe cha kahawa.

Lilinitumikia misimu michache. Kisha likaanza kusitasita kwenye mteremko, na mwishowe likakataa kabisa kupanda. Fundi niliyempelekea aliliinua kwa jeki, akachungulia chini mara moja tu, akasimama na kujifuta mikono. "Boksi la gia limekufa," akasema. "Na hili halifunguliwi. Linabadilishwa lote, na bei yake inakaribia ya trekta jipya." Nikainama nikaangalia mwenyewe. Kweli, lilikuwa limezibwa kiwandani, halina hata kizibo cha kumwagia mafuta machafu.

Jambo hilo lilinikaa rohoni kuliko hata hasara. Baba yangu alikuwa fundi mitambo kwenye karakana ya shamba la mkonge, na nimekua nikiona Massey Ferguson 135 zilizonizidi umri zikiingia karakana zikivutwa kwa mnyororo na kutoka zikinguruma. Pale hapakuwa na kitu kisichofunguliwa. Kulikuwa na kitu ambacho spea yake haijafika, hilo ni jambo lingine, na mara nyingi spea yenyewe ilichongwa palepale. Fundi kuniambia chuma hakifunguliwi, nilihisi kama nimeambiwa mgonjwa hapimwi kwa sababu kuzaa mwingine ni rahisi.

Matrekta haya hayakuwa hivyo tangu mwanzo, na bahati yangu ni kwamba nilikuwa naishi kwenye mji yalikotengenezwa yale ya zamani. Mwaka 1946 Elmer Pond alianza kuunda vitrekta vya bustani hapahapa South Bend, na mwanawe Cecil akaikuza kazi hiyo ikawa kampuni ya Wheel Horse. Vita vilikuwa vimekwisha, askari wamerudi, nyumba zinajengwa kwa maelfu nje ya miji, kila moja na uwanja wake wa ukoka. Wenye nyumba hizo hawakuhitaji trekta la shamba, wala hawakutaka kushinda wakisukuma mashine kwa mikono. Kina Pond wakawapa kitu cha katikati: trekta dogo la chuma kizito, unalikalia, kiangazi linakata majani, majira ya baridi linasukuma theluji, na mwaka ukianza kuchangamka linavuta plau kwenye bustani ya mboga. Wakubwa walipoona kuna soko wakafuata. International Harvester wakatoa Cub Cadet mwaka 1960, na John Deere wakaja na 110 yao kutoka Horicon, Wisconsin, kwa msimu wa 1963.

South Bend yenyewe, mwaka huo wa 1963 ukiisha, ilipoteza kiwanda cha magari cha Studebaker. Wazee wa hapa hadi leo wanahesabu miaka kwa tukio hilo, kabla ya Studebaker na baada ya Studebaker. Lakini matrekta mekundu ya Wheel Horse yaliendelea kutoka. American Motors waliinunua Wheel Horse mwaka 1974, na Toro wakaichukua mwaka 1986. Jina liliendelea kubandikwa kwenye mashine kwa miaka mingi baadaye, kisha likaachwa.

Yote hayo nilisimuliwa na jirani yangu, mzee mstaafu ambaye kwa desturi ya huku alitaka nimwite kwa jina lake tupu. Ulimi wangu ulikataa. Nikawa namwita Mzee, naye akalizoea, hata akaanza kujiita hivyo kwa mkewe. Aliniona nikihangaika kulipakia lile trekta bovu kwenye tela, akavuka barabara.

"Una haraka gani ya kununua jingine?" akaniuliza.

"Majani hayasubiri, Mzee."

"Njoo bandani kwangu kwanza."

Chini ya turubai, katikati ya makopo ya rangi na baiskeli za wajukuu waliokwisha kuwa watu wazima, palikuwa na Wheel Horse C-120, toleo la katikati ya miaka ya 1970. Tairi zilikuwa zimekaa chini, kiti kimechanika, panya wamejenga juu ya injini chini ya boneti. Alitaka dola 150 na sharti moja: liondoke kabla ya Jumapili, maana mkewe alikuwa amempa muda huo. Niliweka mkono kwenye boneti. Bati lake halikubonyea. Nikalipa.

Injini yake ni Kohler K301, silinda moja, nguvu farasi 12, cc 476, bloku ya chuma cha kusubu tupu. Vali zimesimama ubavuni mwa silinda badala ya juu, kwa hiyo kichwa chake ni bamba tu lililokazwa kwa bolti. Ukilitoa, pistoni na vali zote unaziona mchana kweupe. Nilitoa plagi, nikamimina oili kidogo ndani, nikaiacha ilowe. Ikazunguka kwa mkono bila kinyongo. Nikaweka betri na petroli mpya, nikazungusha ufunguo. Stata ikalia vizuri, injini ikazunguka, na hapakuwaka kitu.

Baba alikuwa ameshastaafu, yuko Korogwe. Huku ilikuwa saa nne usiku, kwao ni alfajiri, na nilijua ameshatoka kuswali.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Kwema huko? Mbona hujalala?"

"Kwema. Nina injini hapa, ya petroli, silinda moja. Haiwaki."

"Inabana?"

"Nikiizungusha mbele, haibani sana. Nikiirudisha nyuma inagoma na kunisukuma mkono."

"Basi inabana. Hizo zina kitu kinachofungua vali kidogo wakati wa kuwasha, stata isiteseke. Moto umeangalia?"

"Haina moto."

"Ina pointi, au ni hizi za kompyuta?"

"Pointi, baba."

Akacheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu aache kazi. "Hiyo umeshaipata. Pointi zikilala miaka zinaota ukungu, umeme haupiti. Zipitishie msasa laini, halafu uzifute kwa karatasi safi, usiache unga. Kisha upime nafasi. Sisi kwenye Land Rover za petroli tulipima kwa kipande cha pakiti ya sigara."

Kwenye injini hii pointi hazijafichwa chini ya flaiwili, kama ilivyo kwenye mashine nyingi ndogo za zamani. Ziko nje, ubavuni, ndani ya kikasha ambacho kifuniko chake unakitoa kwa bisibisi, na kinachozifungua na kuzifunga ni kijiti cha chuma kinachosukumwa na kamshafti kutoka ndani. Sina sigara, lakini Mzee alikuwa na fila geji. Nafasi inayotakiwa ni nusu milimita. Baada ya hapo ndipo kazi niliyoipenda kuliko zote ikaanza, ya kupanga wakati wa moto. Kwenye flaiwili kumechongwa herufi S, nayo unaichungulia kupitia tundu dogo kwenye kava. Herufi hiyo ikifika kwenye alama, pointi zinatakiwa ziwe ndiyo kwanza zinaachana. Nilifunga mita ya umeme kwenye waya wa pointi, nikaiweka ilie zikigusana, nikawa nazungusha flaiwili kwa mkono polepole, jicho kwenye tundu. S ikachomoza, ikasogea, na kabla haijafika kwenye alama mlio ukakatika. Mapema mno. Nikalegeza skrubu, nikasogeza pointi unywele mmoja, nikakaza, nikazungusha tena. Unafanya hivyo mpaka mlio ukatike palepale alama inapokutana na herufi. Hakuna kompyuta inayokuambia umefaulu. Ni sikio na jicho.

Ilipowaka, iliwaka kwa kukohoa na moshi mwingi, panya waliobaki wakahama. Kabureta nilikuwa nimeshaifungua na kuisafisha, lakini kuirekebisha ilibidi nimpigie tena baba. Juu ya kabureta kuna skrubu inayopima petroli ya mwendo kasi. Niliiweka simu juu ya kiti cha trekta, nikaipandisha injini resi, nikasubiri.

"Inakula sana hiyo," sauti ikatoka Korogwe. "Moshi mweusi nauona hadi huku. Kaza kidogo. Kidogo, nimesema. Haya, sasa inatafuta, inapanda na kushuka, umeinyima. Rudisha nusu ya ulichokaza."

Nikarudisha. Injini ikatulia kwenye sauti moja nzito, isiyoyumba.

"Hapo. Usiiguse tena."

Sijaigusa tena.

Watu wengi wanaofufua mashine hizi husimulia injini, na mimi nimeshafanya hivyohivyo. Lakini kwa mtu anayetaka kukata majani kila wiki, si kuonyesha watu, tatizo kubwa halikuwa injini. Lilikuwa nyuma. Chini ya boksi la gia palikuwa na doa la mafuta, maana yake sili za ekseli zimechoka, na ili uzifikie lazima habu za magurudumu zitoke. Habu hizo zimeshikwa na kipande cha chuma ndani ya mfereji, na skrubu ya kukazia, na katika mashine iliyolala miaka, kutu huongeza mkazo wake. Nilizimwagia mafuta ya kupenya kutu, nikazimwagia na ule mchanganyiko wanaousifia wazee wa huku, asetoni na oili ya gia otomatiki. Nikafunga pula, nikaikaza mpaka mkono ukaniuma. Hakuna. Mzee akaniambia niache pula ikiwa imekazwa, niende nikalale, kila jioni niongeze mkazo kidogo na kugonga nyundo kwenye kichwa cha pula. Habu ya kushoto iliachia usiku wa manane, hakuna mtu bandani, kwa kishindo kilichoamsha mbwa wa mtaa mzima. Ya kulia ilinitesa zaidi, na ilipotoka niliiweka mezani nikaitazama kwa chuki.

Nilipofungua kizibo cha chini cha boksi la gia, kilichotoka kilikuwa chai ya maziwa. Ni ugonjwa unaojulikana wa matrekta haya. Mpira unaozunguka shina la gia hupasuka, trekta likilala mvuani maji yanatiririka kwenye shina hadi ndani, na yakichanganyika na oili yanakuwa na rangi hiyohiyo. Nilikata shauri kulifungua boksi lote.

Hapa ndipo nilipoyaona mawazo ya watu walioliunda. Boksi lile ni vipande viwili vya chuma cha kusubu vilivyobanwa kwa bolti za kawaida. Unalegeza bolti, unagonga kwa nyundo ya mpira, nusu moja inanyanyuka, na gia zote zimelala mbele yako kwenye mashimo yake kwa mpangilio ambao hata mtoto wa sekondari angeweza kuufuata: sita za kwenda mbele na mbili za kurudi nyuma. Nilizipanga juu ya gazeti kwa utaratibu zilivyotoka, nikaandika namba kwa kalamu pembeni ya kila moja. Meno yalikuwa mazima. Miaka arobaini na kitu, maji ndani, na meno mazima. Nilibadilisha beringi za sindano, sili zote na gasketi, nikaweka mpira mpya kwenye shina la gia, nikafunga, nikajaza oili nzito ya gia. Gharama yote ya spea ilikuwa sehemu ndogo sana ya bei niliyotajiwa kwa lile boksi lisilofunguliwa.

Mkanda wa kuendesha, nyaya zilizotafunwa na panya, breki, mpira wa petroli, tairi: hayo yalikuwa kazi ya kawaida ya wikiendi, sina la kusimulia.

Deki ya kukatia ina upana wa inchi 42, sawa na sentimita 107 hivi, na visu vitatu chini. Adui yake ni majani mabichi. Yakigandamana chini ya deki na kuachwa, yanakaa na maji, na bati linaliwa kutoka ndani huku juu rangi inaonekana nzima. Nilipokwangua, ukingo mmoja ulitoka na kikwanguo. Mfanyakazi mwenzangu wa zamu ya jioni, mchomeleaji kutoka Bukavu, alinikatia kipande cha bati nene akakichomelea Jumapili moja, na malipo aliyotaka ni kula ugali na dagaa waliotoka kwetu kwenye begi la mgeni. Beringi za visu zilinipa furaha ya aina yake. Ubavuni zimechongwa namba, na namba hiyo ni ya kawaida ulimwenguni. Nilikwenda duka la beringi, lile linalouzia viwanda, nikataja namba, nikapewa. Muuzaji hakuuliza ni za trekta gani.

Ikaja habari ya rangi. Kuna utamaduni mzima huku wa maonyesho ya matrekta ya zamani, na wako watu wanaoyapaka kuliko kiwanda kilivyowahi kuyapaka: bolti zote mpya, maandishi yamechapwa upya, tairi zimepakwa dawa ya kung'arisha. Mzee alikuwa na marafiki wa aina hiyo, na mmoja wao alinionya kwamba nikiliacha lilivyo litashuka thamani. Nimekwenda kuyatazama hayo maonyesho, ni mazuri. Lakini niliyaona matrekta yakishushwa kwenye matela kwa mbao, yakisukumwa kwa mikono ili yasikanyage tope, yakirudishwa yalivyokuja. Baba angeuliza yanalima nini. Nilipaka rangi palipokuwa na chuma kitupu, chini ya deki nikapaka tabaka nene, na boneti nikaiacha na wekundu wake uliochujuka kwa jua, na lile jina ubavuni ambalo herufi mbili zimefutika.

Kulitumia kila wiki kulinifundisha namna nyingine ya kukata majani. Yale mapya ni kanyaga uende. Hili unachagua gia kwanza, kisha unaacha resi iwe juu wakati wote, kwa sababu feni ya kupoza injini na visu vyote vinategemea mwendo huohuo. Majani yakiwa mazito hupunguzi resi, unashusha gia. Ukipunguza resi visu vinararua badala ya kukata, na kesho yake ncha za ukoka zinageuka kahawia. Wenyeji walinishauri nisikate zaidi ya theluthi ya urefu kwa mara moja, na hilo nimeliona kwa macho: aliyenyoa uwanja wake hadi chini mwezi wa Julai, kwake panakuwa pakavu mwezi mzima. Visu nanoa kwa tupa, kisha natundika kila kimoja kwenye msumari kwa tundu la katikati kuona upande upi umezidi uzito. Oili ya injini nabadilisha kila saa 25 za kazi, kama kitabu chake kinavyoagiza, maana hakuna chujio la oili la kukusitiri.

Sikuliacha lilivyotoka kiwandani mwaka ule, na wanaoabudu asili wanisamehe. Petroli ya siku hizi hapa Marekani kwa kawaida ina asilimia 10 ya ethanoli, ambayo inalainisha mipira ya zamani na kuleta unyevu kwenye kabureta ikikaa. Nimeweka mipira ya kisasa, na msimu ukielekea mwisho najaza petroli isiyo na ethanoli kabla ya kulilaza. La pili ni swichi chini ya kiti. Langu halikuwa nayo. Mtu angeweza kuteremka visu vikizunguka. Nina watoto. Nimeiweka, ukinyanyuka injini inazima, na sitaki mjadala juu ya jambo hilo na mpenzi yeyote wa mambo ya kale.

Mtaa nao umebadilika. Wakati naanza kazi hii, Jumamosi asubuhi ulikuwa unasikia injini kila upande. Siku hizi jirani wa mkono wa kulia anatumia mashine ya betri, na mwenye nyumba ya kona ana roboti inayozunguka yenyewe usiku na mchana huku ikitazamwa na watoto wa mtaa ambao zamani ndio waliokuwa wakikata majani yake kwa dola chache. Kule California, tangu 2024, mashine mpya za bustani za petroli zimewekewa sheria ya kutotoa moshi kabisa, ambayo kwa vitendo inazifukuza madukani. Binti yangu, ambaye alijifunzia klachi na gia kwenye trekta hili kabla hajagusa gari, yuko upande wa sheria hiyo.

"Baba, hili linanuka," aliniambia msimu uliopita, akishuka baada ya kumaliza uwanja wa nyuma.

"Limekata lakini?"

"Limekata."

Hoja yake naikubali. Kabureta ya miaka ya 1970 haiwezi kushindana na betri kwa usafi wa hewa, na kelele yake si ya kujivunia. Ninachobisha ni hesabu inayoanzia siku ya kununua. Lile trekta langu la dukani, lenye mahali pa kikombe, lilikwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu kabla halijafikisha umri wa mtoto wa chekechea, kwa sababu ya boksi moja. Na mashine za betri ninazoziona zikitupwa huku, zinatupwa mota ikiwa nzima, kwa kuwa betri ya aina ile haiuzwi tena. Kosa si petroli wala umeme. Kosa ni kuunda kitu ambacho mwenye nacho haruhusiwi kukifungua. Siku watakapotengeneza trekta la betri lenye bolti za kawaida na beringi zenye namba, nitalinunua, na hili jekundu litabaki na kazi ya theluji.

Kwa ndugu zangu wa Afrika Mashariki mlionunua nyumba zenye uwanja huku Indiana, Ohio na Michigan, mabanda ya vijijini bado yana mashine hizi, na wenyewe wengi wanataka tu nafasi. Mkienda kutazama, msihangaike na rangi wala kiti. Zungusha flaiwili kwa mkono. Zamisha kijiti kwenye tundu la oili ya gia uone rangi yake. Lala chini uchunguze deki kwa bisibisi, ukiibonyeza ikaingia, toa bei ya deki kwenye mapatano. Tikisa magurudumu ya nyuma uone kama habu zinacheza. Na mwambieni muuzaji asiliwashe trekta kabla hamjafika: gusa injini kwanza, na ukiikuta ina joto, muulize kwa nini alilihangaikia asubuhi yote.